Chapa ya ubao ya mwigizaji wa kabuki: nitajuaje mwaka, mwigizaji, na kama si nakala ya baadaye?

fremu_na_karatasi (swali)

Wakuu, salaam.

Naombeni msaada wa kusoma chapa moja ya Kijapani, yaani picha iliyochapwa kwa mbao zilizochongwa, ya mwigizaji wa kabuki (tamthilia ya jadi ya Kijapani). Naeleza ninachokiona ili mwenye ujuzi aanzie hapo.

Karatasi ni moja, ya wima, sm 35.5 kwa 24.3, haina pambizo upande wowote. Mwanamume amechorwa kuanzia magotini kwenda juu. Amejitanda kitambaa kichwani kilichofungwa chini ya kidevu, na kwenye pindo la kitambaa kuna miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Uso ni mrefu na mwembamba, una makovu, na mkono pia. Ukosi wa vazi ni mweusi, lakini ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona maua yanayong'aa juu ya weusi huo. Ukiitazama moja kwa moja huyaoni.

Maandishi ni machache. Juu kulia kuna kijisanduku chenye 与三郎. Chini kuna sahihi 豊国画 ndani ya fremu ndefu nyekundu yenye ukingo wa manjano. Karibu na sahihi kuna mihuri miwili midogo ya duara, na mmoja wa umbo la yai wenye herufi 丑 juu. Chini ya herufi hiyo mdudu ametoboa tundu, kwa hiyo iliyofuata haisomeki. Kuna pia kijisanduku chembamba kinachoanza na 彫.

Ukingo wa kushoto, mstari wa sakafu umekatika ghafla na kuna ncha ya vazi ambalo si la mtu huyu.

Ninachotaka kujua: ni ya mwaka gani, mwigizaji ni nani maana jina lake silioni, na je, ni chapa ya wakati ule au nakala ya karne ya 20? Nimeambiwa kukosa pambizo ni dalili ya nakala. Mwisho, ihifadhiwe vipi? Itakaa Tanga, na hewa ya pwani mnaijua.

---

muhuri_wa_mwezi

Mkuu, ubao huo ulichongwa mwaka 1853. Hapo hapahitaji kubahatisha, mihuri uliyoitaja inatosha.

Edo, yaani Tokyo ya leo, mchapishaji alilazimika kupeleka mchoro ukaguliwe kabla ya kuchongwa. Mkaguzi aligonga muhuri juu ya mchoro, kisha mchongaji akauchonga muhuri pamoja na mistari ya picha. Kwa hiyo muhuri unaouona haukugongwa juu ya karatasi yako, umechapwa kutoka kwenye ubao uleule wa mistari. Utaratibu ulibadilishwa mara kadhaa, na mabadiliko hayo ndiyo yanayotupa mwaka:

- 1791 hadi 1842: muhuri mmoja wa duara wenye 極 (imepitishwa). Kati ya 1805 na 1810 mara nyingi huandamana na tarehe.
- 1843 hadi 1847: muhuri mmoja wenye jina la mkaguzi.
- 1847 hadi mwanzoni mwa 1852: majina mawili ya wakaguzi, bila tarehe.
- Mwezi wa 2 wa 1852 hadi mwezi wa 11 wa 1853: majina mawili pamoja na muhuri wa tarehe.
- Mwezi wa 12 wa 1853 hadi mwisho wa 1857: herufi 改 (imekaguliwa) pamoja na tarehe.
- 1858: tarehe peke yake.
- 1859 hadi 1871: duara moja lililobeba tarehe na 改 kwa pamoja.

Muhuri wa tarehe una mnyama wa mwaka juu na namba ya mwezi chini. Wanyama ni kumi na wawili, hivyo kila mmoja hurudi baada ya miaka 12. Herufi 丑 ni ng'ombe: 1841, 1853, 1865. Mwaka 1841 kulikuwa na 極 tu, na mwaka 1865 lilitumika duara moja. Majina mawili pamoja na ng'ombe yanakubali 1853 peke yake. Hakuna haja ya kusoma majina ya wakaguzi kupata mwaka, ingawa ukiyasoma ni vizuri kwa kuthibitisha.

Miezi hiyo ni ya kalenda ya zamani iliyofuata mwezi mwandamo, na mwaka ulianza takriban Februari yetu. Kalenda ya sasa ilianza kutumika Japani Januari 1873. Ukikuta herufi 閏 mbele ya namba, huo ni mwezi wa nyongeza, kama ule uliofuata mwezi wa 7 mwaka 1854. Wengi huisoma kama mwezi wa kawaida na tarehe yao hukosewa.

Kuhusu sahihi, 豊国 husomeka Toyokuni. Toyokuni wa kwanza alifariki 1825. "Toyokuni" wa 1853 ni Kunisada, mwanafunzi wake, aliyejitwalia jina la mwalimu mwaka 1844 na kulitumia hadi kifo chake mwanzoni mwa 1865. Fremu nyekundu yenye ukingo wa manjano ni ya kwake kabisa kwa miaka hiyo. Wauzaji wengi huandika "Toyokuni" tu na mnunuzi akadhani ni yule wa kwanza. Tofauti ya bei na ya kihistoria ni kubwa, kwa hiyo soma muhuri kabla ya kusoma sahihi.

Hicho kijisanduku cha 彫 ni jina la mchongaji. Miaka ya 1850 wachongaji walianza kuonekana mara nyingi zaidi kwenye picha. Zikifuata herufi 竹, yaani 彫竹, ni Yokokawa Takejiro, mmoja wa waliochonga kazi nzuri sana za Kunisada.

Angalizo moja: haya yote yanakupa mwaka wa ubao. Karatasi yenyewe inaweza kuwa ilichapwa baadaye, na nakala iliyochongwa upya hubeba muhuri uleule. Hilo waachie wanaojua karatasi na rangi.

---

nembo_na_uso

Naendelea alipoishia mwenzangu, upande wa jukwaa.

Jina la mwigizaji hulioni kwa sababu halikuandikwa. Mwaka 1842 serikali ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani, ilipiga marufuku picha za waigizaji katika kampeni yake dhidi ya anasa. Baada ya miaka michache zilirudi sokoni polepole, lakini wachapishaji waliacha jina la mwigizaji na kuweka jina la mhusika tu. Hali hiyo iliendelea mpaka karibu na 1860. Wateja wa Edo hawakupungukiwa na kitu, maana uso waliujua. Sisi inatubidi tuunganishe vitu vitatu: mhusika, tarehe na uso.

Mhusika umeshamwandika: 与三郎 ni Yosaburo. Mchezo ni *Yowa Nasake Ukina no Yokogushi* wa Segawa Joko III, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1853 katika ukumbi wa Nakamura-za. Yosaburo ni kijana wa nyumba yenye mali anayekamatwa akiwa na Otomi, mwanamke wa mkubwa wa wahuni, na kukatwakatwa majeraha 34. Anapona, anakuwa mtu wa kutisha watu ili apewe fedha, na siku moja anaingia katika nyumba anayomkuta Otomi akiwa hai. Makovu na kitambaa cha kuficha uso ni vya onyesho hilo. Aliyecheza Yosaburo wakati huo ni Ichikawa Danjuro VIII, na Otomi alichezwa na Onoe Baiko IV, ambaye baadaye aliitwa Kikugoro IV.

Miraba mitatu ni nembo ya akina Ichikawa Danjuro, vipimo vitatu vya mchele vikiwa kimoja ndani ya kingine vikitazamwa kutoka juu. Kwa hiyo nembo, mhusika na mwaka vinakubaliana. Uso nao unakubali, kwa kuwa Danjuro VIII daima huchorwa na uso mrefu mwembamba, na ndiye aliyekuwa kipenzi cha wanawake wa Edo.

Nembo nyingine za kuzikariri, maana zitakufaa kwa chapa yoyote: feni zilizopangana zenye majani mawili ya mwaloni ni za akina Onoe Kikugoro. Herufi 大 tatu ndani ya duara ni za Bando Mitsugoro. Furushi la pamba ya hariri lililofungwa katikati ni la Segawa Kikunojo. Maua manne ya umbo la almasi ni ya Matsumoto Koshiro. Lakini usihukumu kwa nembo pekee. Wanafunzi wa nyumba hiyo nao waliivaa, na mchoraji aliweza kuitawanya kama urembo wa kitambaa.

Picha za waigizaji hazikuwa na sura halisi tangu mwanzo. Wachoraji wa ukoo wa Torii mwanzoni mwa karne ya 18 walichora miguu minene yenye misuli iliyovimba na mistari inayonenepa na kukonda, na uso wa mwigizaji mmoja ukafanana na wa mwingine. Bila nembo au jina huwezi kuwatofautisha. Katsukawa Shunsho na Ippitsusai Buncho ndio waliogeuza mambo. Mwaka 1770 walitoa kitabu cha picha za waigizaji ndani ya feni, kila mmoja na sura yake. Kutoka hapo pua na taya vikawa ushahidi. Matsumoto Koshiro V, kwa mfano, ana pua kubwa iliyopinda na macho madogo, na Sharaku, Toyokuni na Kunisada wote walimchora akiwa amegeuza uso upande ili pua ionekane. Huyo humkosi.

Jambo linalowaangusha wengi ni vizazi vya majina. Kwenye chapa huandikwa "Ichikawa Danjuro" bila namba. Danjuro VII alilibeba jina kuanzia 1800 hadi 1832, akamwachia mwanawe na yeye akajiita Ebizo. Mwanawe, Danjuro VIII, alijiua Osaka mwezi wa 8 wa 1854, akiwa na miaka 30 tu. Danjuro IX hakulichukua jina hadi 1874. Kwa miaka 20 hapakuwa na Danjuro jukwaani. Ukikuta chapa ya 1860 yenye uso wa Danjuro, ujue si ripoti ya onyesho la mwaka huo. Ni picha ya kumkumbuka au ya kubuni, kama ule mfululizo wa vichwa vikubwa wa Kunisada uliotolewa na mchapishaji Ebisuya kuanzia 1860, ambao ndani yake wapo waigizaji waliokuwa wameshakufa.

Kifo chake kilileta picha nyingi za maombolezo. Hizo zinatambulika haraka: vazi la samawati hafifu, jina la kidini alilopewa baada ya kufa, tarehe ya kifo na jina la hekalu. Nyingi hazina sahihi wala muhuri wa ukaguzi kwa sababu zilitolewa haraka mno. Yako si ya kundi hilo.

Ile ncha ya vazi ukingoni kushoto ni habari njema. Una karatasi moja ya picha iliyogawanywa kwenye karatasi mbili au tatu, na jirani yake karibu hakika ni Otomi. Ukitafuta karatasi ya pili, angalia mwigizaji wa nafasi ya kike mwenye kitambaa kidogo cha zambarau juu ya paji la uso. Wanawake walizuiwa kupanda jukwaani mwaka 1629, na wanaume waliocheza nafasi zao walitakiwa kunyoa nywele za mbele. Kitambaa kile kilifunika sehemu iliyonyolewa, na wachoraji wengi walikionyesha wazi.

---

ubao_wa_mcheri

Tuanze na hilo la pambizo, kwa sababu si kweli. Karatasi ya ukubwa wa oban huwa karibu sm 39 kwa 26.5 ikiwa haijakatwa. Yako imekatwa takriban sm 3.5 kwa urefu na 2 kwa upana. Karne ya 19 watu walizibandika chapa hizi kwenye albamu, na ili zilingane walipunguza kingo. Chapa za kweli zilizokatwa ni nyingi kuliko zilizo kamili. Nakala za karne ya 20, kinyume chake, huwa na pambizo safi nyeupe na mara nyingi jina la karakana limechapwa pembeni au nyuma. Kukatwa kunapunguza thamani lakini hakugeuzi chapa kuwa nakala.

Sasa chukua lenzi ya kukuza mara 10 na tochi, ufuate mpangilio huu.

Kwanza, angalia rangi chini ya lenzi. Ukiona vidoti vilivyojipanga, ni picha iliyopigwa kwa mashine, acha hapo hapo. Rangi ya ubao huwa tambarare, imezama kwenye nyuzi za karatasi, na pengine utaona mistari ya mbao sehemu pana.

Pili, geuza karatasi. Mchapaji husugua mgongo wa karatasi kwa baren, kisahani cha kamba ya ganda la mwanzi iliyozungushwa na kufunikwa kwa ganda la mwanzi. Nguvu hiyo husukuma rangi ndani, hivyo picha huonekana kwa nyuma kama kivuli, na penye rangi nzito kuna alama za mzunguko wa baren. Mgongo mweupe kabisa kwenye karatasi nyembamba ni dalili mbaya.

Tatu, karatasi yenyewe. Inapaswa kuwa ya nyuzi za mforosadi wa karatasi, laini, nyuzi ndefu. Pasua ndogo iliyopo tayari itakuonyesha nyuzi zimechomoza kama manyoya, wala haikatiki kwa mstari mkali. Shikilia karatasi mlalo na umulike tochi kutoka pembeni, utaona mistari ya karatasi iliyobonyezwa na mbao.

Nne, nywele. Hapa ndipo panapotenganisha chapa ya mapema na ya mwisho. Tazama pale nywele zinapoanzia, kwenye kipaji na mbele ya sikio. Mchongaji mkuu wa karakana ndiye aliyeruhusiwa kuchonga kichwa, na kila unywele ni ukuta mwembamba wa mti wa mcheri uliobaki umesimama baada ya kuondoa pande zote mbili. Kuta hizo huvunjika kwanza. Ubao ukichapwa sana, nywele huungana kuwa doa au hukatika vipande. Nywele zikiwa kali na zinaachana, karatasi yako ilitoka mapema. Katika nakala iliyochongwa upya nywele zinaweza kuwa kali pia, lakini mchongaji anayefuata mistari ya mwenzake huchonga kwa uangalifu wa kunakili. Mstari hupoteza kasi, unene wake unakuwa sawa mwanzo hadi mwisho. Linganisha pua na mstari wa taya na picha kubwa ya chapa iliyoko makumbusho.

Tano, ukosi wako mweusi. Hiyo ni shomenzuri. Baada ya weusi kuchapwa na kukauka, karatasi huwekwa uso juu juu ya ubao mwingine usio na wino, uliochongwa maua, kisha uso husuguliwa kwa kitu kigumu laini kama pembe la nguruwe mwitu. Penye maua weusi hung'aa, kwingine hubaki bila mng'ao. Ubao huo hauchongwi kinyume kama mingine, kwa sababu unasuguliwa kutoka mbele. Kazi hii ni ya ziada na ya gharama. Mchapishaji aliyetaka kuuza kwa bei ndogo aliiacha, pamoja na rangi ya kufifia polepole kwenye anga na mchapo mkavu wa kubonyeza. Kuwa nayo si uthibitisho peke yake, lakini mashine haiwezi kuitoa, na kwa chapa ya 1853 ni dalili ya toleo zuri.

Sita, rangi. Mwaka 1853 bluu ya Prussia ilikuwa ya kawaida, iliingia kwa nguvu karibu na 1830. Nyekundu na waridi zilitoka kwa ua la beni, manjano kwa bizari na vitu vingine, na zambarau ilichanganywa kutoka beni na bluu. Rangi za anilini, yaani za kemikali, kutoka Ulaya zilianza kuonekana miaka ya 1860. Zambarau kali inayowaka au nyekundu ya kuumiza macho juu ya ubao wa 1853 inamaanisha karatasi ilichapwa miaka zaidi ya kumi baadaye. Zambarau ya zamani hufifia kuelekea kijivu au kahawia, na hiyo ni dalili nzuri ingawa haipendezi.

Rangi ikitoka nje kidogo ya mstari, usishtuke. Kila ubao una alama mbili za kuwekea karatasi: pembe moja, na mstari mfupi kwenye ukingo uleule. Karatasi huchapwa ikiwa na unyevu. Ikikauka katikati ya kazi husinyaa, na rangi za mwisho haziangukii mahali pake hata kama alama ni sahihi. Picha kama yako hupitia mbao nyingi, kwa hiyo kosa la nusu milimita kwenye rangi moja ni la kawaida. Kosa lililo sawa kwenye rangi zote kwa upande mmoja ndilo la kuulizia.

---

fremu_na_karatasi

Asanteni sana wakuu. Nimekagua kama mlivyoelekeza. Vidoti hakuna. Nywele zinaachana isipokuwa karibu na sikio la kushoto, hapo zimeungana. Zambarau ya mkanda imekuwa kijivu cha kahawia. Mgongo siwezi kuuona vizuri kwa kuwa chapa imegundishwa juu ya karatasi nyingine ngumu ya njano, na pembe mbili za juu zina selotepu ya zamani. Herufi inayofuata 彫 ni 竹 kweli.

Je, niilowanishe kidogo niondoe hiyo karatasi ya nyuma? Na hayo madoa ya kahawia, yanasafishika?

---

hifadhi_pwani

Usiilowanishe, ndugu yangu. Naomba hilo lisikike kwanza kabla ya mengine.

Katika chapa za kipindi hicho na kabla yake, baadhi ya bluu na zambarau zilitumia rangi ya ua la tsuyukusa, ambayo maji huiondoa hapo hapo. Mara nyingi huwezi kuitofautisha kwa macho na bluu nyingine. Zikiwa na anilini ndiyo kabisa, nyekundu hutembea hadi kwenye uso. Hata kitambaa chenye unyevu tu kinaweza kuacha duara la maji ambalo halitoki. Tena karatasi ya mforosadi ilipakwa mchanganyiko wa gundi ya wanyama na shabu ili rangi isisambae. Maji yakiingia mahali pamoja, kinga hiyo huondoka hapo na doa hubaki.

Karatasi ya nyuma iondolewe na fundi wa uhifadhi wa karatasi, wa makumbusho au nyaraka, atakayejaribu kila rangi kwanza kwa tone dogo. Kama haupatikani ufundi huo karibu, iache ilivyo. Karatasi ngumu ya njano ina asidi na itaendelea kuikaanga chapa taratibu, lakini uharibifu huo ni wa miaka, na wa maji ni wa dakika moja. Selotepu nayo usiivute. Gundi yake imeshaingia ndani ya nyuzi, ukivuta unatoka na uso wa picha.

Madoa madogo ya kahawia yaliyotawanyika ni ya ukungu au ya chembe za chuma ndani ya karatasi. Hayazidi ukipunguza unyevu. Usiguse dawa ya kung'arishia nguo, hata iliyochanganywa na maji mengi.

Kwa Tanga, adui yako mkubwa ni unyevu kuliko joto. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu huota. Lenga kati ya 45 na 55 kama unaweza, na zaidi ya yote usiruhusu unyevu huo kupanda na kushuka kila siku, kwa mfano chumba kinachowashwa kiyoyozi usiku tu. Kipimo kidogo cha unyevu hakina gharama kubwa, kiweke ndani ya kabati ilipo chapa, si ukutani sebuleni.

Njia iliyo salama ni kuilaza ndani ya kadi mbili zisizo na asidi, ya juu ikiwa imekatwa dirisha, kisha kwenye sanduku la plastiki ya polipropilini lenye kufunga vizuri pamoja na vifuko vya silika jeli. Vifuko vikishashiba unyevu vikaushe kwenye oveni na uvirudishe, vinginevyo vinakaa humo bila kazi. Nafthalini usiweke. Mende na wadudu wa karatasi wanapenda gundi ya wanga, kwa hiyo fungua na ukague kila baada ya wiki chache, hasa kwa kuwa tundu la mdudu tayari lipo. Likizungukwa na unga mpya, mdudu yumo bado.

Ukitaka kuitundika, mwambie fundi wa fremu mambo haya bila kuona haya, kwa sababu wengi hawayajui. Chapa isigundishwe juu ya hardbodi. Isilaminishwe. Ishikwe kwa vibawaba viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani, upande wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano, ili karatasi ipanuke na kusinyaa kwa uhuru. Kioo kisiguse picha. Acha milimita 4 au 5, maana unyevu ukigandia kwenye kioo rangi huhamia huko. Nyuma ya fremu weka vipande vidogo vya koki kwenye pembe za chini ili hewa ipite kati yake na ukuta, na usichague ukuta wa nje unaopigwa na mvua.

Mwanga nao: beni na zambarau hufifia hata bila jua la moja kwa moja, na zikishafifia hazirudi. Makumbusho huonyesha chapa hizi kwa karibu luksi 50 (kipimo cha mwanga, hapo ni hafifu) na kwa miezi michache, kisha huzipumzisha gizani. Kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno kinasaidia ila hakimalizi tatizo, kwa sababu mwanga unaoonekana nao hufifisha. Itundike miezi mitatu, uirudishe sandukuni, na ukutani weka picha yake uliyopiga.

---

ubao_wa_mcheri

Kwa majibu yako mkuu, mimi naiweka kuwa chapa ya wakati wake, si ya kwanza kabisa kutoka kwenye ubao lakini haijachoka. Nywele kuungana karibu na sikio tu, na shomenzuri ipo, vinaonyesha hivyo. Kama siku moja karatasi ya nyuma itaondolewa kitaalamu, tafuta alama za baren nyuma ya ukosi mweusi.

---

muhuri_wa_mwezi

Na ule mwezi uliokula mdudu unaweza kupatikana. Chapa ileile ilitolewa nakala nyingi kutoka ubao mmoja, kwa hiyo tafuta nyingine yenye muhuri mzima. Piga picha ya chapa yako ikiwa imelala tambarare, mwanga ukiwa sawa pande zote, kisha uipakie kwenye ukiyo-e.org, ambayo hutafuta kwa picha katika makusanyo mengi kwa pamoja. Usipoipata, ingia kwenye hifadhi ya Makumbusho ya Tamthilia ya Chuo Kikuu cha Waseda au ya Kituo cha Utafiti wa Sanaa cha Ritsumeikan, Kyoto. Huko andika 与三郎 sehemu ya mhusika, 豊国 sehemu ya mchoraji, na 嘉永6, yaani mwaka wa 6 wa Kaei, ambao ndio 1853. Hizo mbili zimepanga chapa kwa onyesho, ukumbi na mwezi, na karatasi za jozi huwekwa pamoja, kwa hiyo Otomi wako anaweza kutokea hapo hapo.

Ukipata inayofanana, usitosheke na kufanana kwa picha. Linganisha kovu la shavuni, pengo lolote kwenye fremu ya sahihi, na pale mstari wa sakafu unapokutana na vazi. Pengo likiwa mahali palepale, ni ubao uleule. Mstari ukiwa na umbo tofauti hata kidogo, ni ubao mwingine, na muhuri wake hauwezi kukujibia kuhusu wa kwako.

Kumbuka pia kwamba picha ziliwahi kutolewa kabla pazia halijafunguliwa, mchoraji akiwa ameambiwa tu nani atacheza nani. Kwa hiyo mwezi wa muhuri ukitangulia kidogo onyesho lenyewe, au vazi likitofautiana na lile linaloelezwa kwenye kumbukumbu za ukumbi, hilo si kosa la tarehe.

Ukiupata mwezi, uandike hapa pamoja na vipimo vya chapa uliyolinganisha.